Kofi na makofi: uchambuzi wa kisa cha Othello tuliyoipandisha stejini mara mbili

Usuli

Hiki ni kisa cha kikundi cha maigizo cha chuo kimoja kwenye mji wa pwani. Majina nimeyatoa yote, mwaka nimeuacha, na waigizaji nitawaita kwa nafasi walizocheza. Mwongozaji alikuwa mwalimu wetu wa fasihi, wote tulimwita Madam. Mimi nilikuwa msaidizi wake na kazi ya kufupisha skripti nilipewa mimi, kwahiyo sehemu kubwa ya makosa utakayoyasoma hapa ni yangu. Naandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaotaka kuigiza Othello ya Shakespeare, maana ni mchezo unaoonekana rahisi kuufupisha na kumbe hapo ndo kwenye hatari yenyewe.

Kwa ambaye hajausoma: Othello ni jenerali Mwafrika, Mmoor, anayetumikia jeshi la Venice. Anaoana kwa siri na Desdemona, binti wa seneta Brabantio. Kwenye vyeo anamteua Cassio kuwa luteni na kumwacha Iago, askari wa siku nyingi, abaki kuwa mbeba bendera. Iago anaapa kulipiza. Waturuki wanatishia kisiwa cha Cyprus, wote wanasafirishwa huko, dhoruba inazivunja meli za Waturuki, vita inakwisha kabla haijaanza na sasa wanajeshi wamekaa ngomeni hawana la kufanya. Hapo Iago anamlewesha Cassio mpaka anavuliwa cheo, anamshauri akamwombe Desdemona amsemee kwa mumewe, halafu anamgeukia Othello na kuanza kumpa maneno ya nusunusu kwamba hao wawili wana jambo lao. Leso aliyopewa Desdemona na mumewe ndo inageuzwa kuwa ushahidi. Desdemona anauawa kitandani kwake, na ukweli wote unajulikana dakika chache baadaye, mwili bado upo palepale.

Tuliigiza kwa Kiswahili, tafsiri tuliifanya wenyewe kwa miezi kama minne. Mwanzoni tuliandika "wivu" kila mahali mpaka mwigizaji wa Iago, kijana aliyelelewa na bibi yake, akatusimamisha. Akasema huyu mtu hana wivu, ana husuda. Wivu ni wa anayeogopa kunyang'anywa chake, husuda ni ya anayechomwa roho na cha mwenzake, na kazi anayoifanya humo ndani ina jina lake, fitina. Basi tukagawa, Othello wivu, Iago husuda, na neno fitina tukaliweka kinywani mwa Emilia, mke wa Iago na mhudumu wa Desdemona, mwishoni kabisa. Mpaka leo naona ule ndo ulikuwa uamuzi wetu bora kuliko yote.

Nilichokikata, na kwa nini

Mchezo mzima ukiuigiza bila kupunguza unakaribia masaa matatu. Ukumbi tulipewa mpaka saa 4 usiku na watu wetu hawafiki kwa wakati, kwahiyo Madam akaniambia nipunguze ubaki saa moja na nusu hivi.

Nilitoa mchekeshaji, hapo sijutii. Nilipunguza maneno ya Bianca, yule mwanamke wa Cassio. Halafu nikafika kwenye baraza la Venice, kule kwenye onyesho la tatu la mwanzoni, nikaona ni siasa za Waturuki na meli ngapi zimeonekana wapi, nikalifyeka lote, nikaacha mtu mmoja tu aje atangaze kwamba ndoa imekubaliwa na jenerali anaitwa Cyprus. Nikaendelea hadi sehemu ya nne, lile onyesho la wanawake wawili chumbani, Desdemona anavuliwa nguo za siku na Emilia, anaimba wimbo wa mti wa mlilio (willow), wanaongea kuhusu wanaume. Nikasema hapa hakuna kinachotokea. Nikalitoa lote.

Maneno ya Iago ya kujisemea peke yake sikuyagusa. Yalikuwa matamu na kijana wetu alikuwa mkali, mazoezini kila akiyasema watu wanakaa kimya kumsikiliza, nani angethubutu kuyapunguza?

Ijumaa

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini mbele ya viti. Iago alivyoshuka karibu na mstari wa kwanza na kuanza kuwaambia mpango wake kama anamsimulia rafiki, wakamwelewa papo hapo. Kila akimaliza kumdanganya mtu anawageukia, nao wanamcheka aliyedanganywa. Sisi tuliokuwa nyuma ya pazia tulifurahi jamani, tukasema watu wako nasi.

Likaja onyesho la kofi. Huyu Lodovico ametoka Venice na barua kwamba Othello arudi nyumbani na Cassio ashike nafasi yake, Desdemona anasema neno moja tu la kufurahia, na Othello anampiga mbele ya mgeni. Tulilipanga katikati ya steji, wakiwatazama watu, na nyuma kuna kijana amegonganisha mbao mbili ili mlio usikike mpaka nje. Ulisikika. Na ukumbi ukalipuka. Miluzi, makofi, mtu wa upande wa kulia akapaza sauti, "Mpe tena!" na mwingine akaitikia, "Mkomeshe huyo!" Desdemona ana mstari mmoja pale, kwamba hakustahili hilo, aliusema na hakuna aliyeusikia.

Baada ya hapo mchezo haukuwa wetu tena. Kwenye kitanda, wakati anazibwa pumzi, kulikuwa na vicheko, vingine naamini vya woga, lakini mmoja alisema kwa sauti kabisa, "Si angeitafuta tu hiyo leso." Emilia alipoanza kufichua, sauti ikatoka nyuma, "Sasa hivi ndo unasema?" na watu wakacheka. Iago alipofungwa akatabasamu kuelekea ukumbini, wakampigia makofi.

Nilienda chumba cha kubadilishia nguo nikamkuta mwigizaji wa Desdemona amekaa juu ya sanduku la mavazi, bado na ile nguo nyeupe ya kulalia. Hakuwa analia, alikuwa amemaliza. Akamwambia Madam, "Mimi kesho siji. Wamenipigia makofi nikipigwa kofi."

Maamuzi ya usiku ule

Tulikaa mpaka saa 7 usiku. Nayaandika maamuzi pamoja na yaliyokataliwa, maana hoja za kukataa zilitufundisha zaidi.

Wa kwanza kusema alikuwa mwigizaji wa Othello mwenyewe, alitaka tuahirishe. Alikuwa ametikisika. Akasema aliposikia ile miluzi alijisikia nguvu mkononi, yaani mkono ulitaka kurudia, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya stejini. Hakuna aliyemjibu haraka. Madam alimshukuru kwa kusema, akaliacha hapo.

Wazo la pili lilikuwa Madam atoe hotuba fupi kabla ya mchezo kuhusu ukatili wa kijinsia. Alikataa mwenyewe. Alisema watu wakishahubiriwa dakika tano, anayetoka baada ya hapo na kuwachekesha ndo anakuwa mkombozi wao, na anayetoka ni Iago. Utakuwa umemzidishia wafuasi.

La tatu, tuliondoe kofi. Hapa aliyekataa ni Desdemona, na sikutegemea. Akasema, "Mkitoa kofi, Lodovico anashangaa nini?" Kisha akauliza swali ambalo lilibadilisha usiku wote, aliniuliza mimi: kwa nini kuanzia kofi mpaka kitandani yeye hana sehemu hata moja ambapo watu wanakaa naye peke yake? Iago wamekaa naye mara nne, tano. Yeye hawajakaa naye.

Mwigizaji wa Emilia ndiye aliyekuwa na maandishi kamili kwenye begi lake. Akafungua lile onyesho nililolitupa, wakalisoma wawili kwa sauti ya kawaida tu, wamekaa chini, taa moja. Lilichukua dakika saba au nane. Walipomaliza hakuna mtu aliyesema chochote kwa muda, halafu Madam akaniuliza na baraza nimelitoa kwa sababu gani. Nikamjibu. Akasema, "Rudisha vyote viwili."

Ili tupate muda tuliamua hivi: pambano la gizani ambapo Roderigo, yule anayemtamani Desdemona na kutumiwa na Iago, anauawa lipunguzwe libaki kivuli na kelele, na sehemu mbili za maneno ya Iago ya peke yake aziseme amewapa watu mgongo, akiwa anafanya kitu kingine, si kwa kuwasimulia. Mwigizaji wa Iago hakulipenda hilo, na alikuwa na haki, ndo yalikuwa yamempa sifa. Alikubali saa 7 kasoro akiwa amechoka. Kofi likabaki, ila bila mbao, na Desdemona akiwa ametazama ndani, sura yake haionekani, anayeonekana ni Lodovico.

Desdemona akakubali kuja kwa masharti ya onyesho lile. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana tulikuwa mazoezini.

Jumamosi

Watu walikuwa wachache kidogo. Mwanzo walicheka na Iago kama kawaida, ila kwenye baraza walitulia, na Desdemona alipoitwa kutoa maelezo mbele ya baba yake kulikuwa na kinamama wawili watatu walioguna vizuri, ile ya kukubali.

Kofi lilipokuja halikuwa na mlio. Mtu mmoja alianza kupiga mluzi, akaona yuko peke yake, akaacha. Lodovico alikaa kimya tulivyomwambia, ahesabu mpaka sita kabla ya kusema kwamba Venice hakuna atakayeamini hili hata akiapa ameliona kwa macho yake. Na ule mstari wa Desdemona ukasikika.

Onyesho la wimbo lilikuwa refu, naona lilizidi hata mazoezini, na ukumbi ulisikiliza feni zikizunguka. Na mwisho kabisa Iago alivyomwamuru mke wake anyamaze aende nyumbani, na Emilia akasema ni haki kumtii mume ila si sasa, mama mmoja katikati ya viti akapaza sauti, "Sema! Sema mama, sema!" Usiku wa kwanza ilikuwa mpe, wa pili ikawa sema.

Tulipitiliza dakika ishirini na tano. Mlinzi alishafika mlangoni na funguo, akasimama akaangalia mpaka mwisho.

Uchambuzi: baraza lililopotea

Ijumaa, swali lililorudiwa nje ya ukumbi lilikuwa "mtu mzima na cheo chake anaaminije kirahisi hivo?" Nilidhani ni udhaifu wa mchezo. Kumbe jibu nilikuwa nimelitupa.

Angalia kinachotokea kwenye baraza. Brabantio amekuja usiku wa manane anadai binti yake amerogwa na kuleweshwa madawa. Mtawala wa Venice anamjibu kwamba kudai si kuthibitisha. Othello mwenyewe anasema, mwiteni huyo mke, aongee mbele ya baba yake, na mkiniona muongo nivueni cheo na roho yangu mchukue. Desdemona anakuja, anaongea, kesi imekwisha. Mashtaka, mshtakiwa, shahidi, hukumu, na mtu aliyeomba shahidi aitwe ni Othello.

Sasa mtazame mtu huyohuyo kwenye sehemu ya tatu. Anamkaba Iago koo anataka ushahidi wa macho, yaani kanuni anazijua. Iago anamgeuza: utawaonaje, bwana, unataka ukasimame uwatazame? Hilo haliwezekani. Halafu anampa vitu viwili badala yake, ndoto anayodai Cassio aliiota kwa sauti akiwa amelala pembeni yake, na leso anayodai kumwona Cassio akijifutia ndevu. Cassio haitwi hata siku moja. Emilia anahojiwa, anaapa kwamba bibi yake ni msafi, Othello anamtupilia mbali kwamba kuwadi yeyote angesema hivohivo. Na Desdemona dakika zake za mwisho anaomba kitu kilekile alichokiomba mumewe barazani, mwiteni huyo mtu mkamuulize, anajibiwa kwamba kinywa chake kimeshazibwa.

Ukiona baraza kwanza, unaona mtu akivua utaratibu anaoujua hatua kwa hatua, kama anavua sare. Usipoliona unaona mjinga. Na mjinga akipigwa au akipiga, watu wanacheka.

Na kuna maneno ya Brabantio pale barazani anapoondoka, kwamba mwangalie vizuri huyo mke wako, Mmoor, amemdanganya baba yake na wewe anaweza kukudanganya. Iago anayaokota na kumrudishia Othello karibu kama yalivyo. Sisi Ijumaa tulimfanya Iago aokote kitu ambacho hakikuwahi kudondoshwa.

Uchambuzi: Emilia na leso

Hapa ndo pananiuma zaidi na ndo nataka kukaa.

Shakespeare aliuandika mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1600, onyesho lenye kumbukumbu ya kwanza ni la tarehe 1 Novemba 1604, jumba la Whitehall, London, mbele ya Mfalme James I. Hadithi aliichukua kwa Mwitaliano Cinthio, iliyochapwa mwaka 1565. Kule kwa Cinthio mbeba bendera anaiiba leso mwenyewe, anaichomoa wakati bibi yule amembeba mtoto mdogo wa huyo mbeba bendera. Na mke wa mbeba bendera anaijua njama yote, ananyamaza kwa kumwogopa mume.

Shakespeare akabadilisha. Leso inadondoka Desdemona anapotaka kumfunga mumewe kichwa kinachomuuma, na anayeiokota ni Emilia. Mumewe ameshamsihi mara nyingi aiibe, anampa, hajui ya nini. Halafu Desdemona anamuuliza uso kwa uso, hivi leso yangu itakuwa nimeidondosha wapi Emilia? Anajibu hajui. Muda si mrefu Othello anaingia, anaidai leso kwa ukali, na Emilia amesimama palepale anatazama. Anasikia. Neno moja tu, "nilimpa mume wangu", na mchezo ungeishia hapo.

Usaliti wa Iago kila mtu anauona, ametuambia mwenyewe. Huu wa Emilia ni wa aina nyingine. Si adui, anampenda bibi yake kweli na mwisho atakufa kwa ajili yake. Ni mtu mwema aliyenyamaza siku ambayo kusema kungegharimu kidogo. Mchezo hautuambii kwa nini alinyamaza, ila lile onyesho la chumbani linatuonyesha ni mwanamke wa namna gani. Anasema wake nao wanaona na wananusa, wana ulimi wa kuonja kitamu na kichungu kama waume zao, na wakiharibika basi waume ndo waliowafundisha. Ukimsikia unajua ameonja kichungu kwa miaka, na amejizoeza kumtuliza mtu wa nyumbani kwake kwa kumpa anachotaka. Na hata kabla ya hapo, baada ya Othello kumtukana mkewe, Emilia anasema wazi kwamba lazima kuna mshenzi aliyetunga haya ili apate cheo. Anayasema mumewe amesimama pembeni yake. Karibu anaijua, hajaiangalia tu usoni.

Mimi Ijumaa niliondoa yote hayo. Kwahiyo ukimya wa Emilia ukawa ujanja wa kuisogeza hadithi, na alipokuja kusema mwishoni yule mtu wa nyuma alikuwa sahihi kabisa kuuliza sasa hivi ndo unasema. Hakuwa na sababu ya kujua gharama ya kusema kwa mwanamke huyo.

Cha kushangaza mkasi wangu haukuwa wa kwanza. Mchezo huu ulichapwa kwanza mwaka 1622, halafu ukatokea kwenye kitabu kikubwa cha michezo yake cha mwaka 1623, na hizi chapa mbili hazifanani. Ile ya 1622 haina wimbo wa mlilio na haina yale maneno makali ya Emilia kuhusu waume. Ya 1623 ndo inayo. Nilipogundua hilo nilikaa kimya nikiwaza wanawake wale wawili, karne nne, na jinsi ilivyo rahisi mtu kusoma pale na kusema hapa hakuna kinachotokea.

Na watu wa zamani waliumizwa na mchezo huu. Mwaka 1610 ulipoigizwa Oxford, mmoja wa waliouona aliandika kwamba Desdemona, pamoja na kuigiza vizuri muda wote, aliwagusa zaidi alipokuwa amelala kitandani amekufa, sura yake tu ikiomba huruma. Na mwaka 1660, Samuel Pepys aliandika kwenye shajara yake kwamba mwanamke aliyekaa karibu naye alipiga kelele alipoona Desdemona anazibwa pumzi. Madam alitusomea hayo Jumamosi asubuhi kabla ya mazoezi, kutuonyesha kwamba kitu tunachokitafuta kimo ndani ya mchezo.

Uchambuzi: Iago na masikio ya watu

Iago ana maneno mengi kuliko Othello. Anawaambia watu kila kitu kabla hajakifanya, na mtu akishaambiwa siri anakuwa upande wa aliyemwambia, hata kama siri yenyewe ni chafu. Ndo fitina inavyofanya kazi hata mtaani: hakuambii uwongo mkubwa, anakuambia "sikia, usimwambie mtu", na wewe unajiona umeheshimiwa. Kwa Othello anatumia mlango huohuo ila kinyume, anakataa kusema. Cassio anaondoka kwa Desdemona, Iago anaguna tu kwamba hilo halijampendeza. Anaulizwa nini, anajibu si kitu. Mpaka mwenzake anamwomba amwambie. Na kila mtu humo ndani anamwita mwaminifu, mkweli, hilo neno linamfuata mpaka mwisho.

Kumgeuza mgongo Jumamosi kulisaidia, ila nakiri tulizidisha. Zile sehemu mbili zilipotea, waliokaa nyuma hawakuzisikia, na hila ya kumlewesha Cassio ikawachanganya. Nadhani ingetosha kumwacha awasimulie watu mpaka leso iokotwe, halafu kuanzia hapo asiwatazame tena. Mwisho wenyewe ulifanya kazi vizuri: Iago anasema msiniulize chochote, mnachokijua mnakijua, kuanzia sasa sisemi neno. Mtu aliyeongea usiku kucha. Jumamosi aliutazama ukumbi ule ule uliompigia makofi jana yake, na hakuna aliyemrudishia chochote.

Tulipofeli

Ugeni wa Othello ulitushinda siku zote mbili. Sote stejini tulikuwa weusi, Wavenice na Mmoor sawa, kwahiyo lile jeraha ambalo Iago analibonyeza halikuonekana. Kwenye sehemu ya tatu anamwambia, mimi nawajua wanawake wa kwetu Venice, huko wanamwonyesha Mungu mambo wasiyothubutu kuwaonyesha waume zao, na Othello hana la kujibu kwa sababu kweli yeye si wa pale. Mwaka 1987 Janet Suzman alimweka mwigizaji mweusi John Kani acheze Othello pale Market Theatre, Johannesburg, ubaguzi ukiwa bado ni sheria ya nchi, na hapo hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa. Sisi tulihitaji njia yetu na tulikuwa nayo mdomoni: lafudhi. Othello angeongea Kiswahili cha mtu wa bara sana, kizuri, cha kujifunza, na Venice yote iongee cha pwani. Watu wetu wangemjua ni mgeni kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na Iago angeweza kumrekebisha neno moja kwa upole, mbele za watu. Wazo hili lilinijia wiki mbili baadaye nikiwa kwenye daladala, nikamsikia konda akimcheka abiria kwa namna alivyotamka jina la kituo.

Bianca naye bado walimcheka, kwa sababu maneno yake sikuyarudisha.

Na kubwa zaidi. Tulifurahi sana Jumamosi kiasi kwamba hakuna aliyewauliza wale wawili, wa Othello na wa Desdemona, wanaendeleaje. Yule kijana alitueleza kuhusu mkono wake, tukamwambia asante, na kesho yake tukampa kofi lilelile alipige. Yule dada alikubali kurudi akiwa amezungukwa na watu kumi na wanne wanaomsubiri aseme ndiyo, saa 7 usiku. Ilitakiwa mtu mmoja amsindikize hosteli, amwache alale, amuulize asubuhi.

Kijana ameendelea na maigizo. Yule dada hajarudi stejini. Mwaka uliofuata alikuja kuangalia mchezo mwingine wa kikundi, akakaa nyuma karibu na mlango, na tulipomfuata baada ya pazia kufungwa tukakuta ameshaondoka.